Neno Alilolingoja Namunyak

Kitengela,
11 Februari 2025

Kwa jina la Mungu aliyeumba kila chenye pumzi, kinachokaa nyumbani kwa watu na kisichokaa, nakuandikia, binti yangu Nasike. Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima wa mwili na wa roho. Mama yako Naliaka anakusalimu, na anasema jiko limekuwa kimya mno.

Unajua kwamba masikio yangu hayawezi tena simu. Nikiipokea nasikia mvumo kama wa nyuki, kisha mtu anakasirika kwamba simjibu. Kwa hiyo tutaandikiana, kama nilivyoandikiana na marehemu babu yako nilipokuwa chuo cha Biblia. Kiilu, dereva anayewapelekea simba wenu nyama kutoka machinjioni hapa Kitengela, amekubali kubeba barua. Aliniambia huku akicheka, "Mzee, lakini barua yako itanuka damu." Nikamjibu kwamba hata sadaka za watu wa kale zilinuka damu, na hazikukataliwa kwa sababu hiyo.

Nilitaka uwe mwalimu katika shule ya kanisa. Hilo ulilijua, na sitalirudia. Lakini sitakuficha kwamba moyo wangu haujatulia. Nilikulea ili mikono yako ishike watoto wa watu, na kwa miaka mitatu sasa imelea mtoto wa simba. Sijui kama kazi hiyo huhesabiwa kuwa utumishi. Nimeomba nijulishwe, na bado sijajulishwa.

Nakuomba jambo moja. Katika nyumba yetu hakuna kinywa kilicholishwa kabla ya shukrani. Hata paka wa mama yako alingoja. Usiiache desturi hiyo kwenye geti la bustani ya wanyama.

Bwana akutunze. Amina.

Baba yako,
Yohana Wangila


Bustani ya Wanyama, Kajiado,
20 Februari 2025

Kwa Baba mpendwa,

Mulembe, Baba. Barua yako imefika, na Kiilu alisema kweli: imenuka. Niliisoma nikiwa nimeketi juu ya ndoo, na Roy, mwenzangu wa zamu, akaniuliza kama nimeitwa kortini.

Umeniuliza juu ya shukrani, nami nina la kukufurahisha. Simba jike ninayemlea anaitwa Namunyak, jina la Kimaasai, yaani mwenye bahati. Wachungaji walimwokota karibu na Illasit, mama yake amekwisha kuuawa, naye ni mdogo kiasi cha kukaa ndani ya sufuria. Nilimlisha kwa chupa. Kila mara, kabla ya kumpa chupa, nilishukuru kwa sauti, kwa sababu yako. Sikuwa na kusudi jingine.

Sasa ni mkubwa, na kazi yangu ni kumfundisha. Simfundishi michezo. Namfundisha kugusa kwa pua tufe jekundu lililo kwenye ncha ya fimbo, na kuliegemeza bega lake kwenye wavu ili daktari amdunge sindano akiwa macho. Moyo wake ni dhaifu. Dawa ya kumlaza ilimfikisha ukingoni mwa kaburi mwaka juzi, akarudi kwa rehema tu. Asipojifunza kusimama mwenyewe, siku atakapougua hatutakuwa na njia ya kumtibu.

Na sasa sikia, Baba. Nikileta sinia la nyama kwenye kidirisha cha kulishia, yeye hulala chini, makucha ameyaficha, akanikazia macho. Naomba kwa sauti. Hasogei. Nikisema "Amina", huinuka akala. Neno hilo kwake ndiyo ruhusa. Alijifundisha mwenyewe. Roy husema, "Sister, huyu ameokoka kuliko mimi. Mimi chapo huwa imeshaingia mdomoni kabla ufumbe macho." Bi. Gathoni, meneja wetu, alitaka tutumie filimbi kama bustani nyingine. Nikamwambia Namunyak tayari ana filimbi yake.

Msalimie Mama. Mwambie ugali ninaoupika huku bado unashindwa na wake.

Binti yako,
Nasike


Kitengela,
12 Machi 2025

Binti yangu, neema na iwe kwako.

Nilipoisoma barua yako nilivua miwani, nikaifuta, nikaisoma tena. Kisha nilimwita mama yako nikamsomea. Alisema, "Kumbe huyo mtoto alikuwa anakusikia." Sikujua kwamba na yeye alikuwa na shaka hiyo.

Nilipewa mimbari Jumapili iliyopita. Nikawaeleza waumini habari za simba aliyeko Kajiado, mwenye meno ya kuvunja mfupa wa ng'ombe, ambaye hagusi chakula mpaka asikie Amina. Nikawauliza, "Na wewe uliyepewa akili, mbona unamega ugali kabla mama hajaketi?" Kanisa lilicheka, kisha likanyamaza, na kimya kile kilinipendeza kuliko kicheko. Mzee Ouko, ambaye husinzia mahubiri yote, alinijia baadaye akaniambia, "Wangila, huyo simba lazima nimwone kwa macho."

Basi wazee wa kanisa wameazimia kuja huko Jumamosi, tarehe kumi na saba Mei. Tutasimama mbele ya banda, tutaomba kwa ajili ya kiumbe huyo na kwa ajili yako, kisha tutarudi.

Nilikuwa nimeihukumu kazi yako kabla ya kuielewa. Neno nililokufundisha ukiwa kwenye goti langu, ukiivuta herufi ya kwanza kama ninavyoivuta mimi, limefika mahali ambapo miguu yangu haikufika. Namshukuru Mungu. Amina, na tena Amina.

Baba yako,
Yohana Wangila


Bustani ya Wanyama, Kajiado,
30 Aprili 2025

Kwa Baba mpendwa,

Mulembe. Nisamehe kwa kukawia. Tulikuwa na wageni wengi siku za Pasaka. Kundi moja la Shule ya Jumapili lilitoka Gataka, kule Rongai, watoto wazuri wenye kelele. Walifunga ziara yao kwa sala mbele ya banda la Namunyak. Walipoitikia Amina, wakiivuta kwa pamoja, Roy alikuwa ameinama karibu na wavu akiokota fimbo. Basi Roy aliketi chini ghafla hata suruali ikachanika nyuma, na watoto wakacheka mpaka mwalimu wao akawakemea. Hakuna aliyeumia.

Nimefurahi kwamba mnakuja. Nimekwisha kumwambia Bi. Gathoni, naye atawaandalia chai. Ila nina ombi. Mkifika mbele ya banda, msiombe. Ombeni ndani ya gari, au pale getini. Ni utaratibu wa kazi tu.

Nimeiandika sentensi hiyo na kuifuta mara kadhaa, na hiyo ndiyo iliyobaki.

Namunyak anaendelea vizuri. Jana aliegemeza bega na kutulia wakati daktari anamshika kwa kidole. Kidole tu, bado si sindano. Lakini alitulia.

Binti yako,
Nasike


Kitengela,
9 Mei 2025

Nasike,

Salamu. Barua yako nimeipokea. Niliiweka siku chache bila kuijibu, ili nisikujibu kwa hasira.

Unaniambia nisiombe. Simba uliyemlea kwa sala, leo hawezi kusikia sala? Nimelitafakari jambo hili, na naona kwamba mwenye haya hapa si simba. Labda Bi. Gathoni hapendi watu wa Mungu waonekane mbele ya wageni wake wenye kamera. Labda wewe mwenyewe unaogopa kwamba wenzako watakucheka ukisimama na wazee wenye Biblia kwapani. Kama ni hivyo, ungeniambia wazi. Mimi ni baba yako. Nimechekwa mara nyingi, na sikufa.

Mama yako anasema, "Mzee, mtoto amekwambia ni kazi. Kazi ina masharti." Huenda. Lakini mtu mwenye sharti la kweli hulitaja na sababu yake.

Hata hivyo, banda ni lako, nasi ni wageni. Sitaomba. Nimewaagiza wazee wote: mbele ya simba hakuna sala ya sauti, kila mtu aombe moyoni mwake. Nimetoa ahadi, na unajua jinsi ninavyozishika ahadi.

Tutaonana Jumamosi ya tarehe kumi na saba.

Yohana Wangila


Kitengela,
23 Mei 2025

Binti yangu Nasike,

Bwana aliye karibu na waliopondeka awe karibu nawe. Nimemkabidhi ndugu yako Melvin barua hii aje nayo hospitalini, kwa kuwa nilipokuja nilikukuta usingizini, na mkono wako wa kulia umefungwa ukafanana na mtoto mchanga aliyevikwa. Nilikaa. Muuguzi alinisemesha nisimsikie. Kisha saa ya wageni ikaisha.

Nataka ujue kwamba niliishika ahadi. Hatukuomba. Tulikuja kimya kutoka kwenye chai. Wewe ulikuwa umelisukuma bamba la kidirisha, sinia liko mkononi, na yule mnyama amelala upande wa pili. Ukageuka ukatuona. Ukainua mkono wa kushoto juu kabisa. Nilijua unatusalimu mbele ya watu, bila haya yoyote, na moyo wangu ulijaa. Nami nikakusalimu kama tunavyosalimiana siku zote: "Bwana asifiwe!" Na wazee wote nyuma yangu wakaitikia kwa sauti moja, "Amina!"

Yaliyofuata sikuyasikia. Niliyaona tu.

Mnyama yule alitudanganya sote. Miaka mitatu amelala chini kama mwanakondoo, kumbe alikuwa anangoja siku. Wazee wameandika maelezo na kuyatia sahihi, kwa kuwa Bi. Gathoni aliyataka: kwamba simba alimshambulia mtunzaji wake bila kuchokozwa, kwa ghafla, sisi sote tukiona. Mzee Ouko ndiye aliyeandika, na mimi nilitia sahihi ya kwanza.

Nimeacha kujiuliza kama kazi ile ni utumishi. Mungu akuponye.

Baba yako


Ngong,
31 Mei 2025

Kwa Baba,

Mulembe. Naandika kwa mkono wa kushoto, utanivumilia. Nimetoka hospitali. Niko kwa Melvin hapa Ngong, karibu na kliniki. Mkewe Caren ananitunza vizuri, ananikatia nyama kama mtoto. Vidole vitatu vimekwenda. Gumba na cha shahada vimebaki.

Baba, usimwite Namunyak mdanganyifu. Kosa ni langu. Bamba lilikuwa wazi na mkono wangu ulikuwa ndani. Sharti la kwanza la kazi yetu ni kwamba mkono usiwe ndani bamba likiwa wazi.

Jopo la madaktari wa wanyama litakaa tarehe ishirini na sita Juni kuamua kama atapigwa risasi. Wana maelezo ya wazee, na haya yangu. Sina ya kuongeza.

Niombee.

Nasike


Kitengela,
14 Juni 2025

Binti yangu,

Amani. Nilikuwa nimeanza kukuandikia barua nyingine, ya kukuambia kwamba risasi ni haki na kwamba usimlilie mnyama. Ile nimeichana.

Juzi nilikutana na Kiilu getini kwetu. Nikamwambia, "Bwana asifiwe." Hakuitikia. Nikamsogelea nikamuuliza, "Kiilu, umerudi nyuma? Umeacha wokovu?" Akaangalia chini. Kisha akaja upande wa sikio langu la kulia, lile linalosikia kidogo, akasema kwa nguvu, "Mzee, sijaacha. Ila nikiwa na nyama kwenye gari, hilo jibu silitoi tena. Limenishinda."

"Kwa nini?"

"Mzee, kwani wewe hukuona? Yule simba hakushambulia mtu. Aliitwa mezani."

Nilimwambia sielewi. Nasike, nilimwambia uongo. Nilikuwa nimeelewa kabla hajafunga mdomo.

Uliniandikia mwezi wa pili, kwa maneno wazi, kwamba neno lile kwake ni ruhusa ya kula. Nililichukua nikalihubiri. Watu walicheka, wakatubu, nami nikajiona mtu. Lakini sikulisikia. Naona masikio yangu hayakuanza kuharibika kwenye simu.

Na mkono ulioinua haukuwa wa salamu. Ulikuwa unatunyamazisha.

Sasa nijibu. Uliniandikia "msiombe". Nami sikuomba. Kwa nini hukuniandikia "msiseme Amina"?

Baba yako


Ngong,
19 Juni 2025

Kwa Baba,

Mulembe. Umeniuliza, nami nitajibu, ingawa nilikusudia usijue kamwe.

Kukuandikia "msiombe" niliweza. Watu huambiwa kila siku wasiombe mahali fulani, ofisini, benki, kwenye foleni ya matatu. Lakini kumwandikia Yohana Wangila kwamba asiseme Amina, mkono ulikataa. Ningekuwa ninakuambia kwamba neno ulilonipa nimelitoa madhabahuni nikalifanya kengele ya kulishia mnyama. Na wewe ulikuwa umelihubiri kwa furaha. Nilijua hatari tangu watoto wa Gataka. Roy hakuketi chini, Baba. Namunyak aliruka akaupiga wavu juu ya kichwa chake, na Roy akaanguka. Niliifanya kichekesho ili niweze kuiandika.

Nilifikiri nikikataza sala, Amina itakuwa imekatazwa pamoja nayo. Nilisahau salamu. Nimekulia nyumbani mwako, naitikia salamu hiyo tangu nijue kusema, na nikaisahau.

Baada ya kuumia nilinyamaza kwa sababu kulieleza jopo ukweli ni kulieleza kwamba sauti ya baba yangu ndiyo iliyofungua kinywa kile. Sitaki liandikwe popote.

Kwa hiyo usiende. Sahihi ya kwanza ni yako. Ukiigeuka, Mzee Ouko na wenzake watakuonaje? Unakaa nao kiti kimoja kila Jumapili. Namunyak nimekwisha kumlilia.

Nasike


Kitengela,
1 Julai 2025

Binti yangu Nasike,

Mungu wa kweli akutie nguvu. Nilikwenda.

Nilimwambia Mzee Ouko kwanza, ili asisikie kwa wengine. Alisema, "Wangila, ulituongoza kutia sahihi, sasa unatuongoza kuifuta? Sisi ni watoto?" Nikamwambia, "Hapana. Mtoto nilikuwa mimi." Hajanisalimu tangu siku hiyo. Huenda atanisalimu, huenda hatanisalimu.

Mbele ya jopo nilieleza yote. Daktari mmoja, kijana mpole, alikuja karibu na sikio langu akauliza, "Mzee, unatuambia simba anajua Amina?"

Nikamjibu, "Hajui Amina. Anajua chakula. Aliyepaswa kujua tofauti ni mimi."

Walitoka wakashauriana, wakarudi. Hatapigwa risasi, kwa sharti moja: neno lile litolewe ndani yake kabla ya mwisho wa Agosti. Watakuja wenyewe walitamke mbele ya nyama. Akiinuka, atapigwa risasi. Walisema watu wanaopita pale wanasalimiana hivyo kila siku, na hakuna ukuta wa kulizuia neno hilo.

Kesho yake Bi. Gathoni alimweka Roy aanze kazi hiyo, nami nikiwepo. Roy alisema Amina tangu asubuhi hadi mchana, na Namunyak akalala usingizi. "Buda, huyu ananichukulia kama redio," aliniambia. Ndipo Bi. Gathoni akasema, "Anachosikiliza ni ile A ya kwanza, Nasike anavyoivuta. Na siku ile ilivutwa hivyo hivyo na kanisa lako lote. Mzee, wewe ndiye uliyewafundisha kuivuta."

Wewe, madaktari wamekukataza kwenda huko. Basi nifundishe namna ya kulitoa neno.

Baba yako


Ngong,
8 Julai 2025

Kwa Baba,

Nimeisoma barua yako hapa mezani, na Caren akadhani kuna msiba. Nikamwambia la, ni kinyume chake.

Kazi ni hii. Utaketi mahali anapokuona, na sinia la nyama liwe kando yako, bamba limefungwa na komeo limetiwa. Utalitamka neno kama unavyolitamka kanisani. Usilibadilishe, atajua. Kisha hakuna kitakachofuata. Utangoja, utalitamka tena, na tena hakuna kitakachofuata. Roy atamlisha saa nyingine, kwa filimbi, wewe ukiwa umeondoka.

Siku za mwanzo atapiga wavu. Usimhurumie. Nyama ikija wakati anapiga, atajifunza kwamba kupiga ndiko kunakoileta, na hapo tutakuwa tumemuua sisi wenyewe. Neno lianguke bure mbele yake, siku baada ya siku, mpaka lisiwe kitu.

Baba, najua ninalokuomba. Umelilinda neno hilo maisha yako yote lisisemwe bure, na sasa ninakutuma ukaliseme bure kwa makusudi. Ukishindwa sitakuuliza.

Mimi mwenyewe neno hilo halijanitoka. Caren akimaliza shukrani na wote wakaitikia, mkono wangu huondoka mezani kabla sijaamua kuuondoa. Watoto wa Melvin wamekwisha kuliona, na sasa wanaitikia kwa kunong'ona.

Nasike


Kitengela,
30 Agosti 2025

Kwa jina la Mungu anayesikia hata pale sisi tusipojua tulichosema, nakuandikia, binti yangu, na kupitia kwako naisalimu nyumba yote ya Melvin.

Namunyak anaishi. Madaktari walikuja jana. Yule kijana mpole alisimama mbele ya sinia akalitamka neno, na Namunyak hakuinua hata sikio. Kisha wakaniomba nilitamke mimi. Nikalivuta kama ninavyolivuta. Alinitazama, akapiga mwayo, akaweka kichwa juu ya miguu. Wakaandika walichoandika, wakanishika mkono. Roy alirukaruka kama mwana-mbuzi. Akasema, "Sister Nasike arudi haraka, mimi filimbi imenimaliza meno." Bi. Gathoni anasema nafasi yako ipo, kwa kazi itakayofaa mkono wako, wakati utakapotaka.

Hiyo ndiyo habari njema, nami sikutaka uingoje. Sasa nikueleze nyingine, maana tumekubaliana bila kusema kwamba hatutafichana tena.

Kiilu alinichukua kila siku ya kazi na gari la nyama. Niliketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya wavu. Siku za kwanza Namunyak alikuja kwangu kwa furaha, Nasike. Hilo hukunionya. Nilijiandaa kwa hasira yake, sikujiandaa kwa furaha. Nikisema neno, aliinuka, masikio mbele, uso wote umefunguka, akaja mpaka kwenye kidirisha na kungoja. Aliniamini kabisa. Nami niliketi na nyama kando yangu, nikamtazama akingoja. Kisha akapiga wavu. Mtetemo niliusikia kifuani, si masikioni. Nikasema tena.

Baadaye aliacha kupiga. Akawa anainuka na kuketi. Kisha akawa anainua kichwa tu. Kila hatua watu wa bustani waliifurahia, na mimi kila hatua niliona kitu kinatoka katika uso wake nisichoweza kukirudisha. Siku moja nilisema neno, naye akageukia upande mwingine, kama mtu anavyomwacha msemaji asiye na maana. Roy alinipigia makofi. Niliomba nipelekwe nyumbani mapema.

Jumapili hiyo mchungaji alinitaka nifunge ibada. Nilisimama. Nilifika mwisho wa sala, na neno halikutoka. Nilikuwa nimelisema mara nyingi sana juma lile, na hakuna hata moja lililokuwa sala. Niliogopa kwamba nikilisema, hata Aliye juu atapiga mwayo. Wazee walidhani nimeguswa na Roho. Mzee Ouko peke yake aliniangalia, na nafikiri alijua. Alilisema yeye kwa niaba yangu, kwa sauti kubwa, na kanisa likaitikia. Tulipotoka hakunisalimu, lakini alinishikia mlango.

Nyumbani nako nimekuwa nikishukuru na kuishia katikati. Mama yako huliongeza mwenyewe, bila kuniuliza, kisha hupakua. Jana jioni nilimwambia, "Naliaka, nadhani nimelimaliza." Akasema, "Mzee, ulimwondolea simba. Mimi hukuniondolea." Akaniwekea mboga.

Sina jibu kubwa kuliko hilo, na mtu wa umri wangu, aliyesoma nilivyosoma, angepaswa kuwa nalo. Sijui kama nimetenda dhambi au utumishi. Nimeomba nijulishwe, na bado sijajulishwa. Najua tu kwamba kiumbe anapumua, na binti yangu hakubeba peke yake kilichokuwa changu.

Sasa pokea baraka yangu. Mungu aliyekupa mikono, na akakuachia iliyobaki, aibariki iliyobaki. Aibariki nyumba ya Melvin na Caren, mlango wake na meza yake, na watoto wanaonong'ona, wapate tena kusema kwa sauti. Akulinde unapotoka na unapoingia, na akupe siku ya kurudi kwa Namunyak bila hofu.

Neno la kuifunga baraka hii sijaliandika. Nakuachia wewe. Mkiketi leo, uweke mkono wako wa kulia juu ya meza, ulitamke, ulivute kama nilivyokufundisha. Kisha mle.

Baba yako,
Yohana Wangila